Namna ya kutembea maonesho ya Nane Nane ukarudi na moyo mwepesi

Mwaka jana nilikwenda viwanja vya Ngongo, Lindi, mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza nilirudi Mtwara kichwa kinagonga, mkoba umejaa vipeperushi vya mbegu za mahindi ilhali sina hata tuta, na nina hasira nisizojua zimetoka wapi. Mara ya pili nilirudi na kitu kimoja tu, kipande cha mpingo kisichozidi kidole gumba, na usiku ule nikalala mpaka adhana ya alfajiri. Viwanja ni vilevile, vipaza sauti vilevile, vumbi lilelile. Nilichobadilisha ni mwendo. Mwendo huo ndio ninaoueleza hapa, kwa mtu mwenye mawazo aliyeshachoka kuambiwa "jichanganye na watu".

Niseme kwanza nilikuwa katika hali gani. Mama alifariki mwezi wa tatu. Baada ya arobaini ndugu wakatawanyika, nikabaki na ratiba yangu: shule, chakula cha jioni, kitanda, kisha kuamka saa tisa usiku na kuhesabu migongo ya bati mpaka kuche. Sikuumwa cha kulazwa. Chakula nilikula, darasani niliingia. Ila kila kitu kilikuwa kama chai iliyopoa.

Hatua ya 1: Jua unakwenda maonesho gani

Wenzetu wa Uingereza wakisema maonesho ya hobi wanamaanisha ukumbi uliojaa treni ndogo za kuchezea, stempu, vitambaa vya kufuma, na wazee wa miwani wanaobishana juu ya skrubu. Kusini hatuna ukumbi wa namna hiyo. Tulicho nacho ni Nane Nane. Kwa jina ni sikukuu ya wakulima, lakini ukishavuka matrekta na mabanda ya taasisi zenye mazulia mekundu, unaanza kukutana na watu wenye mapenzi na vitu vyao: mfuga nyuki, mfuga sungura, wasusi, mafundi wa kofia, wachongaji, vijana wa ufundi waliounda mashine kwa vyuma chakavu. Mikoa ya Lindi na Mtwara huyafanyia Ngongo, nje kidogo ya mji wa Lindi, na shughuli huanza tarehe 1 Agosti hadi tarehe 8 yenyewe.

Mtwara kuna pia tamasha la MAKUYA, jina lililounganishwa kutoka kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Hilo ni la ngoma zaidi, na kwa mtu ambaye kelele zinamtesa wakati huo, ningemshauri asianze nalo. Lina raha yake, ila linataka mwili wenye nguvu. Maonesho ya shule na ya vyuo vya ufundi ni madogo, hayana kiingilio cha kuumiza, na watoto hufurahi mno wakiulizwa swali. Kama hujatoka nyumbani kwa muda mrefu, anzia huko.

Hatua ya 2: Siku, saa na nauli

Usiende tarehe 8. Siku hiyo kuna mgeni rasmi, kuna msafara wa magari, kuna hotuba, na kila banda limejipanga kumngoja mkubwa, hivyo hakuna mwenye muda na wewe. Nenda kati ya tarehe 3 na 6, siku ya kazi, na uwe langoni saa mbili na nusu asubuhi. Waoneshaji wakati huo wanafuta meza, wanakunywa chai, hawajachoka kuulizwa. Ikifika saa tano vipaza sauti vinakuwa vimeshaamka vyote.

Ukitokea Mtwara ni safari ya kama kilomita 100, kwa hiyo toka mapema na mwambie konda tangu mwanzo kuwa unashuka Ngongo. Nauli ya kurudi iweke mfuko wa peke yake. Hili si la kudharau: Agosti mikorosho ndiyo kwanza inachanua, minada haijaanza, na pesa ya korosho bado ni hadithi. Mtu mwenye mawazo akishika pesa maonesho ananunua. Mimi mara ya kwanza nilinunua dawa ya kung'arisha masufuria, chupa mbili. Nina masufuria matatu.

Na kama utakutana na mtu anayeuza mchanganyiko wa mizizi unaotibu "presha, sukari, mawazo na nguvu za kiume", mpe salamu yake uendelee na safari.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja kabla hujatoka mlangoni

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliingia kwa lango, nikashika upande wa kulia, nikapita kila banda kama mkaguzi. Macho yaliona mbuzi wa maziwa, mtambo wa kubangua korosho, magodoro, bima, vifaranga, sola, asali. Kufika banda la arobaini sikuwa naona tena, nilikuwa napita tu.

Jioni kabla ya safari kaa ujiulize: nilipokuwa na miaka kumi au kumi na miwili, ni kazi gani ya mikono iliyonifanya nisahau kuitwa kula? Magari ya waya? Tiara? Kushona nyavu? Kufuga njiwa? Kukusanya stempu za barua za wajomba? Kitu hicho, au ndugu yake wa karibu, ndicho unachokwenda kukitafuta. Kiandike kwenye karatasi. Kimoja. Vingine vyote ukiviona sawa, usipoviona sawa. Kwangu kilikuwa kuchonga, kwa sababu utotoni nilichonga bastola za mti wa mwembe mpaka nikajikata, na alama ninayo bado.

Wanaotibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, wana mbinu inayofanana na hii. Hawakuambii ungoje moyo upende ndipo utoke. Wanakuambia utoe mwili kwanza, kwa jambo dogo lililopangwa siku na saa, na moyo utafuata nyuma kwa mwendo wake. Kukaa ndani ukingoja hamu irudi ni kukaa ndani tu.

Hatua ya 4: Salimia, kisha uliza ilipoanzia

Usianze na "bei gani". Ukiuliza bei, fundi anavaa uso wa soko, mnaanza kuvutana, na mazungumzo yanakufa ukiondoka. Uliza: "Hiki umekianzia wapi?" Nimelijaribu swali hili kwa msusi, kwa mfuga nyuki na kwa kijana wa mashine, na kila mara jibu lilikuja kwa mikono kabla ya mdomo.

Fundi niliyemkuta alikuwa mzee wa Kimakonde, amekaa kwenye gogo, mbele yake ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, umefika nusu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Huu umeuanzia wapi?"

Akaupindua juu chini akanionesha kitako. "Hapa. Ukianzia kichwani ukakosea, huna pa kurudia."

Akanieleza kuwa mpingo mweusi wote ulivyo ni moyo wa mti tu, nje una ganda jeupe la mbao, na wapo wanaochonga mti mwingine wakaupaka kiwi ya viatu mteja asijue. Nikamuuliza mtu atautambuaje. Hakunijibu. Alichukua kibanzi kilichoangukia mguuni pake akakitia kwenye kikombe cha maji ya kunywa. Kikazama moja kwa moja mpaka chini, tik. Akachukua kijiti cha mti mwingine, kikabaki kinaelea juu kama mashua. "Mpingo hauelei," akasema, akamwaga maji, akaendelea kupiga tezo.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata kwa kibanzi kile. Nilikuwa nimeishi Mtwara miaka kumi na moja, vinyago naviona kila siku, na hilo sikulijua.

Hatua ya 5: Omba kushika

Kuangalia peke yake ni kama kupita. Omba kushika, na ukiruhusiwa, omba kufanya. "Naomba nikusaidie kidogo" inatosha. Wengi wanakubali, kwa sababu kazi ya kusugua na kusafisha inawachosha. Mzee alinipa kipande kilichobaki na msasa, akaniambia nifuate mwelekeo wa mishipa ya mti, nisiende kinyume. Nikasugua. Unga mweusi ukaingia kwenye kucha. Nilipoinua kichwa, zilikuwa zimepita dakika ishirini na kitu, na katika dakika hizo sikuwa nimehesabu bati hata moja.

Kwa nini inakuwa hivyo? Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watu 2,148 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 kwa miaka 10, wote wakianza wakiwa hawana sonona. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2018, yalionesha kuwa waliokwenda kwenye makumbusho, maonesho, sinema au michezo ya jukwaani kila baada ya miezi michache walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata sonona kwa asilimia 32 kuliko wasiokwenda kabisa. Waliokwenda mara moja kwa mwezi au zaidi, asilimia 48. Mwaka 2023 utafiti mwingine ukakusanya habari za watu 93,263 wa miaka 65 na kuendelea kutoka nchi 16, na wenye hobi wakaonekana kuwa na dalili chache za sonona na kuridhika zaidi na maisha. Kule Montreal, Canada, mwaka 2018 madaktari walianza kumwandikia mgonjwa kwenda kutembelea jumba la sanaa la mji, kama wanavyoandika dawa.

Mimi namba hizo nazichukua kwa tahadhari. Katika zile nchi 16 hakuna hata moja ya Afrika. Tena mwenye afya na pesa ya nauli ndiye anayetoka kwenda maonesho, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kimemleta mwenzake. Watafiti walijitahidi kupima na hilo, lakini utafiti wa kuwafuatilia watu hauwezi kuthibitisha kila kitu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kuhusu zile dakika ishirini. Mkono ukiwa na kazi ndogo isiyoruhusu haraka, na jicho likiwa na mahali pa kutua, mawazo hayapati kiti cha kukalia.

Hatua ya 6: Kaa chini kabla hujachoka

Banda moja, kisha pumzika. Tafuta kivuli, kunywa maji, kula. Akina mama wanaouza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, huwa hawako mbali na lango, na ming'oko ina faida ya kuliwa polepole, unamenya huku unaangalia watu wanaopita. Hapa hutakiwi kuzungumza na mtu yeyote. Kukaa kimya katikati ya watu wasiokudai kitu nako ni mapumziko.

Kama una tabia ya moyo kwenda mbio kwenye umati, panga njia ya kutokea kabla hujaingia: angalia lango la pili liko wapi, mti wa kivuli uko wapi. Ukiona pumzi zinafupika, usijilazimishe kumaliza banda. Toka, simama chini ya mti, vuta pumzi kwa puani kwa hesabu ya nne, uitoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi. Kisha taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona. Mkorosho. Ndoo ya bluu. Mtoto analia. Ukimaliza ndipo uamue kurudi au kwenda stendi. Kwenda stendi si kushindwa, utarudi siku nyingine.

Ukienda na mwenzako, mkubaliane ishara. Mke wangu nikimshika kiwiko anajua nataka kuondoka sasa hivi, na hataniuliza mbele ya watu nina nini.

Na hapa niliweke wazi jambo ambalo maonesho hayaliwezi. Kama huzuni imekushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vimeharibika, na hakuna linalokufurahisha, nenda hospitali. Mtwara iko Ligula, Lindi iko Sokoine. Ukifika mapokezi sema unataka kuzungumza na mtu wa afya ya akili, usijifiche nyuma ya maumivu ya kichwa. Kama mawazo yameanza kugusa kujidhuru, basi ni leo hii, na usibaki peke yako mpaka umefika. Mpingo utakungoja.

Hatua ya 7: Unachokikwepa, kipitie mwishoni

Mara ya kwanza kuna kichochoro kimoja nilikizunguka, na nilijua kwa nini. Kilikuwa cha wasusi. Mama alisuka ukili, ule mkanda wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, maisha yake yote. Harufu ya miyaa iliyoloweshwa ilikuwa harufu ya nyumba yetu.

Sikushauri uanze na kitu cha namna hiyo. Lakini mara ya pili, nikiwa tayari nimeshasugua mpingo na nimeshakula, nilikwenda. Alikuwapo bibi mmoja kwenye jamvi, beseni la maji pembeni, chane zimelala ndani zilainike. Nilimwamkia nikasimama tu, sikuuliza kitu. Yeye ndiye aliyenipa mkia wa ukili.

"Shika hapa, usilegeze."

Nikashika. Akasuka kwa kasi ambayo macho hayafuati, kisha akasimama, akanichukua dole gumba akalipitisha kwenye ukingo wa ukili, kutoka mwanzo kurudi kwake. "Unausikia? Umebana. Mkono ukichoka, ukingo unasema. Ukili haufichi." Machozi yalinitoka, akajifanya hayaoni, akaendelea kusuka. Nadhani katika muda wote ule wa msiba hakuna aliyenifanyia wema kama ule wa kujifanya haoni.

Ikikutokea, usikimbie na usiombe radhi. Kaa mpaka yaishe.

Hatua ya 8: Ndani ya siku tatu

Maonesho yakiisha na wewe ukirudi kwenye ratiba yako, ladha yake haidumu. Kwa hiyo ndani ya siku tatu fanya kitu kwa mikono kinachohusiana na ulichokiona, hata robo saa. Vipeperushi washia jiko. Kama fundi amekupa namba kwa ridhaa yake, mpigie umwambie tu kipande kimefikia wapi, usimuombe kitu. Na weka tarehe ya kutoka tena, mwezi ujao au unaofuata, ukumbi wowote, hata kama ni kwenda tu kwa mchongaji wa mtaani.

Mimi jioni ya pili nilishusha kutoka kwenye kenchi ukili wa mama ambao haukuisha. Ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa kamba ya khanga. Nikaukunjua sebuleni, nikapitisha dole gumba kwenye ukingo kama nilivyofundishwa. Umebana, umebana, umebana. Kama pima mbili kabla ya mwisho, kidole kikapata mahali palipolegea. Nikahesabu miezi nyuma. Ndipo alipoanza kuumwa, na hakumwambia mtu.

Hatua ya 9: Fungueni ya kwenu

Agosti ni mara moja kwa mwaka, na mwaka ni mrefu. Mtaani kwetu tumeanzisha maonesho ya barazani, Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya alasiri. Masharti ni machache. Kila mtu analeta kitu kimoja alichokitengeneza au anachokikusanya. Lazima akiruhusu kishikwe. Hakuna mashindano, hakuna zawadi, na hakuna mgeni rasmi. Siku mtakayomwalika mgeni rasmi, mtu atakodi viti vya plastiki na burudani itageuka kamati.

Mara ya kwanza tulikuwa sita. Jirani mmoja alileta redio ya mbao anayoifufua kwa vipuri vya kuokota, ikakoroma kidogo ikanyamaza, tukashangilia hata hivyo. Mwingine akamwaga mezani sarafu za mwaka 1966: senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura. Watoto walizigombea, hawakuwahi kujua kama senti iliwahi kununua kitu. Fundi cherehani, mwanamume mzima mwenye sauti nzito, akatoa kofia anayoishona kwa mkono tangu mwaka juzi. Akasema huishika usiku usingizi ukikataa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini usingizi unakataa. Wiki iliyofuata alinisimamisha njiani akanieleza mwenyewe.

Mimi nilipeleka ukili. Jirani yetu mmoja wa kike, ambaye kwao Mikindani wote ni wasusi, aliupitisha kidoleni bila kuambiwa, akafika pale palipolegea akatulia. Hakusema neno. Akauliza kama nina miyaa. Sikuwa nayo. Akaniambia tusifumue, tuunge mbele yake, pale pabaki hivyo hivyo.

Tumeshaongeza pima tatu. Kwa mkeka wa kitanda anasema bado sana. Jumapili ijayo zamu ya kuleta miyaa ni yangu, na ameniagiza niiloweshe tangu asubuhi, nisimletee majani makavu yanayokata vidole.